Ubovu Hauishi, Unahama

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, likizo zangu nyingi ziliishia kwenye gereji ya mjomba wangu, Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuosha nati kwenye ndoo ya dizeli na kushika tochi. Siku moja akaja mteja na Land Rover ya petroli, anataka ipande milima ya Uluguru bila kuhema. Mjomba akafungua hedi, akaipeleka ikachongwe ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi, akaifunga. Gari likatoka pale linanguruma kama limezaliwa upya. Baada ya wiki mbili likarudi, gasketi imeungua. Tukaweka gasketi nzuri zaidi. Mwezi haukuisha, likaja limevutwa kwa kamba: beringi za krenki zinagonga.

Mteja alifoka sana. Mjomba akafuta mikono kwenye kitambaa, akageuka kuniambia mimi. "Unaona, mjomba?" Ndivyo alivyoniita, kama wajomba wengi wanavyowaita wapwa zao. "Ubovu hauishi. Unahama."

Sentensi hiyo hunirudia kila ninaposoma habari za injini moja ya Marekani, ile ambayo kampuni ya Chrysler ya Detroit iliijenga kwa ajili ya mashindano ya mwaka 1964. Wapenzi wa magari wanaijua kwa jina la 426 Hemi. Najua wengi humu tunakutana kwa ajili ya riwaya na mashairi, lakini hebu nivumilie. Historia ya injini nayo ni hadithi, na maana ya hadithi hutegemea msimuliaji ameamua kuikatia wapi.

Kwanza injini yenyewe. Miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa na mapenzi ya ajabu na injini za bloki kubwa: silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ndani ya bonge la chuma la kutisha. Namba 426 ni ujazo wa silinda zote kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita 7. Kila silinda ilikuwa na upana wa inchi 4.25, na pistoni yake ilipanda na kushuka inchi 3.75. Neno Hemi linatokana na umbo la chumba cha kuchomea mafuta, ambacho kimeviringwa kama nusu ya chungwa lililokatwa. Chrysler hawakuanza kulijua umbo hilo mwaka 1964. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walilitumia kwenye injini ya ndege yenye silinda 16, ambayo vita viliisha kabla haijaingia kazini, na kuanzia mwaka 1951 walikuwa na injini za magari za namna hiyo, wakaziacha mwaka 1958.

Kwa nini nusu ya chungwa? Kwa sababu injini ni pafu. Kadiri inavyovuta hewa nyingi, ndivyo inavyoweza kuchoma mafuta mengi. Kwenye chumba cha namna hii valvu mbili hukaa zimetazamana kwa mshazari, moja huku, nyingine kule, kwa hiyo zinaweza kuwa kubwa kuliko zikibanwa kwenye mstari mmoja. Valvu ya kuingiza ilikuwa na upana wa inchi 2.25, ya kutoa moshi inchi 1.94. Hewa inaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kupinda kona nyingi, na plagi inakaa katikati kabisa. Gharama yake ni hedi pana, nzito, yenye vyuma vingi vya kusukuma valvu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 magari ya Chrysler yalikuwa yakizidiwa kwenye viwanja virefu vya mashindano ya NASCAR. Wahandisi wakapewa kazi, na anayetajwa sana kati yao ni Tom Hoover. Shabaha ilikuwa na tarehe: 23 Februari 1964, siku ya Daytona 500. Walichukua bloki kubwa waliyokuwa nayo, wakaibadilisha ili ibebe hedi za umbo lile la zamani.

Hapo ndipo ninapomsikia mjomba. Ukiongeza hewa, mlipuko unakuwa mkubwa, basi krenki inataka kuchomoka. Wakatumia krenki ya chuma cha kufuliwa, na vifuniko vya beringi za katikati wakavifunga kwa bolti za kutoka chini na nyingine za kutoka ubavuni mwa bloki. Krenki ikatulia. Piga hesabu kidogo: injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni inasimama na kugeuka mara 200 kwa sekunde moja, na mwendo wake wa wastani ni kama mita 19 kwa sekunde. Nguvu ile haina pa kwenda ila kwenye chuma.

Na kweli, ilikwenda. Wiki chache kabla ya mashindano, injini zikiwa kwenye mashine ya kupimia, kuta za silinda zilipasuka. Zilipasuka upande ule ambao pistoni huuegemea inaposukumwa chini na mlipuko. Ikabidi bloki zisubuliwe upya, kuta ziwe nene zaidi, huku kalenda inakimbia. Zikafika Daytona kwa kuchelewa, lakini zikafika.

Sasa sehemu ambayo kila mtu anaijua. Mwaka 1963 aliyetangulia kwenye mbio za kupanga nafasi pale Daytona alikwenda maili 160.9 kwa saa, kama kilomita 259. Mwaka 1964 Paul Goldsmith, akiwa na Plymouth yenye Hemi, alikwenda maili 174.9, kama kilomita 281. Kilomita 22 za nyongeza ndani ya mwaka mmoja! Siku ya mashindano yenyewe Richard Petty aliongoza mizunguko 184 kati ya 200 na akashinda. Wa pili Jimmy Pardue, wa tatu Goldsmith, wote na Plymouth, wote na Hemi.

Waandishi wengi wa habari za magari huikatia hadithi hapo, na siwalaumu. Wahandisi walipambana na saa, chuma kikapasuka, wakakishinda, bendera ikapepea. Ni umbo la ngano tulizokua nazo: shujaa, jaribu, harusi. Lakini mimi nilikulia gereji, na gari nililolijua vizuri lilirudi limevutwa kwa kamba. Kwa hiyo nasoma mbele.

Bloki haikupasuka tena. Udhaifu ukahamia kwenye tairi. Tarehe 22 Septemba mwaka uleule, Jimmy Pardue, yule yule wa pili wa Daytona, alikuwa kwenye uwanja wa Charlotte akijaribu tairi akiwa na Plymouth yake. Tairi moja ikapasuka kwenye mwendo mkali, akafa. Mwaka huo mchezo ulishawapoteza pia Joe Weatherly na Fireball Roberts. Ajali zao zilikuwa na sababu nyingine, wala sitaki kuibebesha Hemi misiba yote. Ila kifo cha Pardue kinanikaa rohoni, kwa sababu alikufa akitafuta jibu la swali ambalo injini ilikuwa imeliuliza: nini kinachofuata kupasuka?

Viongozi wa NASCAR nao wakaingia. Oktoba 1964 walitangaza kwamba msimu wa 1965 hautapokea injini ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzinunua ndani ya gari la kawaida. Hemi ikatoka. Ford nao, waliokuwa wameandaa jibu lao lenye kamshafti juu ya hedi, wakakataliwa. Chrysler wakasusa, na Petty, bingwa wa 1964, akabaki hana uwanja. Akaenda kwenye mbio fupi za mstari ulionyooka na Barracuda yenye Hemi, ubavuni imeandikwa neno Outlawed, kama kusema: tumepigwa marufuku. Tarehe 28 Februari 1965, kwenye kiwanja kimoja cha Georgia, gari lile lilipoteza mwelekeo na kuwaingia watazamaji. Mtoto wa kiume alikufa.

Nimesoma kurasa nyingi zinazoisifu injini hii, na zinazomtaja mtoto yule ni chache mno. Hana nafasi kwenye ngano. Hakujenga kitu, hakushinda kitu. Alikwenda kutazama gari.

Mwisho wake wengine mnaujua. Chrysler walirudi kwa kutii neno la sheria: mwaka 1966 wakaanza kuiuza Hemi kwa raia wa kawaida, ikiwa na kabureta mbili na nguvu farasi 425 zilizotangazwa. Petty akashinda Daytona tena mwaka huohuo. Udhaifu ukahamia barabarani, kisha kwenye hesabu za makampuni ya bima na kwenye sheria mpya za moshi, na mwaka 1971 uzalishaji ukakoma. Lakini faida nayo ilihama. Miaka iliyofuata vifo vile zilikuja tairi za mashindano zenye tairi nyingine ndani yake, na matangi ya mafuta yenye mfuko wa mpira. Na hadi leo injini za mbio fupi zinazochoma nitromethani bado zimejengwa juu ya ramani ya Hemi ile.

Sisemi wasingeijenga. Kwa kweli naipenda. Nikisikia mngurumo wake kwenye video naongeza sauti, mke wangu analalamika. Ninachotaka ni hadithi isimuliwe pamoja na mahali mzigo ulipoangukia baada ya bloki kupona.

Ile Land Rover? Hedi ikishachongwa hairudishiwi chuma. Mjomba alizunguka wiki nzima akitafuta hedi ya gari bovu lenye injini kama ile, akaipata, akaifunga, na beringi akanunua kwa fedha yake mwenyewe. Mteja akaondoka bila kuaga. Tulisimama mlangoni tukalitazama likipanda kilima polepole, linahema kama zamani, mpaka likapotelea kwenye kona.