Jembe na Springi

Kabla ya reli kufika Mwanza mwaka 1928, chuma cha nchi za kusini mwa Ziwa Viktoria kilikuwa kazi ya wahunzi, na mashuhuri miongoni mwao walikuwa Warongo. Majembe yalilimiwa, tena yalitolewa mahari. Magari yalipoenea, springi kuukuu ikawa chuma cha mhunzi, akaifua iwe panga au jembe.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri vikaadimika pia. Hapo ufundi ukageuka: bapa za springi za malori mabovu zikakatwa na kukunjwa upya kwa ajili ya Land Rover, na mpira wa tairi ukachongwa kuwa bushi.

Huko Kirumba, kwenye soko la dagaa la Mwaloni, uzito wa magunia waonyesha hatari ya kazi hiyo. Jembe likivunjika, mkulima hupoteza siku. Springi ikikatika mteremkoni, watu hupotea. Chuma chake hupashwa moto, huzamishwa katika mafuta, kisha hupashwa tena kwa kiasi. Kikizidi ugumu huvunjika kama kigae, kikilegea hulala. Rahisi ilikuwa bei, wala si elimu ya moto.