Sakafu za Nyamirambo

Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikibadilisha sakafu ya nyumba aliyotuachia baba hapa Nyamirambo, chumba baada ya chumba. Fundi alipovunja niru nyekundu ya sebuleni, chini yake kukatokea udongo mweusi ulioshindiliwa kwa miaka mingi. Nikamwomba asimamishe kazi kidogo. Udongo ule ni mikono ya mama yangu.

Kigali tunayoijua ilianza mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake kwenye kilima cha Nyarugenge. Nyuma yake walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani, Tabora na Ujiji, wakaja na Kiswahili na Uislamu. Msikiti wa Al-Fatah umesimama tangu 1913. Nyumba zao zilikuwa za pembe nne, tofauti na zile za msonge za Wanyarwanda. Ila chini wote walikanyaga kitu kimoja: ardhi iliyopigwa. Wanyarwanda wa vilimani walitandaza juu yake majani ya ishinge, kisha mikeka. Hata Nyanza, kwenye mfano wa nyumba ya mfalme uliojengwa upya Rukari, ukiingia unakutana na mikeka kabla ya kingine chochote.

Kuta hudumu. Sakafu ya udongo haidumu, lazima ifanywe upya, na aliyeifanya alikuwa mwanamke. Mama alisiriba Alhamisi, ili wageni wa baba wakitoka swala ya Ijumaa wasikute vumbi. Alichanganya udongo laini, majivu na mavi mabichi ya ng'ombe, akaanza kona ya ndani kabisa, amepiga magoti, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni huku kiganja kikizunguka. Sisi watoto tulifukuzwa uani mpaka ikauke. Vitabu vya mji huu vimejaa maofisa na mipaka, lakini sijaona kimoja kinachomtaja mwanamke aliyetoka kinyumenyume kwenye chumba chake mwenyewe wiki baada ya wiki. Hilo linaniuma.

Saruji ilichelewa kwetu, kwa kuwa nchi haina bahari na kila mfuko ulibeba gharama ya safari ndefu. Kiwanda cha CIMERWA kilipoanza Bugarama mwaka 1984, baba alianza kuweka akiba, na ilipotosha akamwaga zege na kupiga niru yenye rangi nyekundu. Mama aliikanyaga kwa unyayo, akanyamaza, kisha akakaa juu yake bila mkeka. Tangu siku hiyo magoti yake yalipumzika, na kazi ikahamia kwetu: nta nyekundu na kitambaa, kila Jumamosi.

Sakafu ya saruji haikuwa anasa tu. Huko Meksiko, serikali ilipowawekea maskini wa jimbo la Coahuila sakafu za saruji kuanzia mwaka 2000, watafiti walikuta kwamba kuondoa sakafu zote za udongo nyumbani kulipunguza minyoo ya watoto kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Nikisoma hayo nawakumbuka wanafunzi wangu waliovimba matumbo. Hapa kwetu pia, familia nyingi vijijini bado zinaishi juu ya ardhi. Ndiyo maana naipenda kazi ya shirika la EarthEnable, wanaoshindilia kokoto, mchanga na udongo wa hapahapa, kisha kuupaka mafuta yanayokauka na kuwa ngozi ngumu isiyopitisha maji. Bei yake iko chini sana ya saruji, na hakuna anayelazimika kusiriba tena.

Sasa tumefika kwenye vigae. Mjukuu wetu anatambaa, na binti yangu anataka vile vyeupe vinavyong'aa. Mimi pia nilivipenda dukani. Mke wangu alivimwagia maji pale pale, akapitisha mguu, akatikisa kichwa, akaniambia:

"Baba, hivi vitamwangusha mtoto, na vitatuangusha sisi kabla yake. Na kila unyayo utaonekana. Nani atapiga deki?"

Tulinunua vya kijivu, visivyong'aa, alivyochagua yeye. Fundi amemaliza sebule. Wiki ijayo anaanza jikoni, na vipimo vya huko mke wangu amevichukua mwenyewe.