Fundi Apimwe kwa Kazi Yake

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Juma hili nataka tuzungumzie usaili wa kazi, hasa wa vijana wanaotengeneza sura ya tovuti, yaani ule upande tunaouona na kuubonyeza katika simu na kompyuta.

Naanza kwa kuungama. Mwaka 2019 nilikuwa mmoja wa wasaili watatu katika kituo kimoja cha redio kilichohitaji fundi wa namna hiyo. Mwenzetu alimwuliza binti mmoja: machungwa mangapi yanajaza basi? Binti akanyamaza. Wakati wa kuaga akatuonyesha simu yake ndogo. Katika tovuti yetu, kitufe cha kusikiliza matangazo kilikuwa kimefunikwa na tangazo la biashara, hakibonyezeki. Tukamshukuru, kisha tukampa kazi kijana aliyesema vizuri habari za machungwa. Mimi niliona kosa, nikafunga mdomo.

Desturi hiyo hatukuianzisha sisi. Mwaka 1921 huko Marekani, mvumbuzi Thomas Edison alikuwa akiwapa waombaji kazi maswali zaidi ya 100 ya jiografia, historia na sayansi. Mwaka huohuo Albert Einstein alipofika Boston aliulizwa moja kati ya hayo: kasi ya sauti ni kiasi gani? Akajibu kwamba habeba kichwani mambo yanayopatikana vitabuni. Kwa swali hilo, Einstein naye angekosa alama!

Kompyuta zilipokuja, mwanzo ulikuwa mzuri. Mashine ya ENIAC ilipozinduliwa mwaka 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita. Waliteuliwa kutoka miongoni mwa watu waliokuwa wakipiga hesabu za mizinga kwa ajili ya jeshi. Kazi yao ilikuwa imeonekana. Lakini mwaka 1955 kampuni ya IBM ikatunga mtihani wa mfululizo wa namba na maumbo. Mwaka 1966 wanasaikolojia Cannon na Perry wakaeleza kwamba waandaaji programu ni watu wasiopenda sana kujishughulisha na wenzao. Pole pole, aliyetafutwa akawa mtu wa tabia fulani badala ya mtu anayeijua kazi.

Mwaka 1995 Brendan Eich alitunga lugha ya JavaScript kwa siku 10, na kurasa za tovuti zikaanza kumwitikia anayezitumia. Ufundi mpya ukazaliwa, lakini usaili ukabaki na mafumbo. Katika miaka hiyo ya 1990 Microsoft ilisifika kwa kuuliza kwa nini mifuniko ya mashimo ya maji machafu ni ya duara. Ilipofika mwaka 2013, Laszlo Bock, mkuu wa utumishi wa Google, akatamka hadharani kwamba mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza wakati, hayatabiri lolote.

Tufanyeje basi? Wasaili wakubaliane mapema juu ya maswali na alama, na kila mwombaji aulizwe yaleyale. Apewe kazi ndogo ya kweli, kwa mfano fomu ya kujiandikisha, kisha waitazame: inafunguka katika simu ndogo? Inajazika kwa kibodi bila kipanya? Kipofu anayesomewa na mashine ataielewa? Halafu aulizwe kwa nini aliamua hivi na si vile. Nawe kijana unayejiandaa, nenda na ukurasa uliouunda kwa mikono yako, uweze kueleza hata pale ulipokosea.

Kituo kile kilikaa miezi mingi na kitufe kilichofunikwa. Wasikilizaji waliandika kulalamika kwamba hawatupati, nami nilizisoma barua zao nikijua jibu lilikwisha kuingia chumbani mwetu na kutoka bila kuulizwa.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.