Marubani wa Kwanza wa Rufiji

Tukitaja rubani wa vita, aghalabu mawazo yetu huruka mbali. Humfikiria mtu kama Ivan Kozhedub, mtoto wa wakulima wa Ukraine, ambaye katika Vita Kuu ya Pili aliangusha ndege 62 za Wajerumani na kutunukiwa mara tatu cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti. Sifa ya watu wa namna hiyo hupimwa kwa hesabu: umeangusha ngapi? Mimi nataka kusimulia habari za marubani ambao hawakuangusha hata ndege moja, kwa kuwa hapa walipokuja kupigana adui hakuwa na ndege ya kuangushwa. Kazi yao ilikuwa kuona. Na mahali walipopelekwa kuona palikuwa hapa kwetu, juu ya mikoko ya Rufiji, miaka kadhaa kabla Kozhedub hajazaliwa.

Sisi wa Mchukwi ni watu wa nchi kavu, watu wa mikorosho na minazi, si mbali na Kibiti. Delta iko chini yetu, upande wa mashariki, na mwenyeji wa huku juu anaweza kuishi hadi uzeeni asiifahamu vizuri. Ni nchi ya maji na tope. Mto ukikaribia bahari hugawanyika kama vidole vya mkono: kuna Simba Uranga, kuna Kikunya, kuna Kiomboni, kuna Msala, na kati ya mdomo mmoja na mwingine mna vijito visivyo na idadi, ambavyo leo vina maji na jioni ni matope matupu. Mtu asiyezaliwa humo hupotea mchana kweupe. Ndiyo maana Wajerumani walipotafuta mahali pa kuficha manowari, walipaona pazuri.

Manowari hiyo ilikuwa Königsberg, yenye urefu wa mita 115 na mizinga kumi ya milimita 105, chini ya Kapteni Max Looff. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ndiyo meli ya kivita yenye nguvu kuliko zote za Kijerumani katika pwani hii. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja na kuikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imesimamisha mashine kwa matengenezo. Ikaipiga hadi ikazama. Waingereza 38 walikufa, na wengi wao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Baada ya hapo mashine ya Königsberg yenyewe ikaharibika, nayo ikarudi kujificha Rufiji.

Vyuma vilivyoharibika vilitolewa melini, vikaburutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa kwa njia ile ile. Hapakuwa na gari la moshi upande huu, wala lori. Vilivutwa na watu. Mtu akitoka deltani kwenda Dar es Salaam kwa miguu lazima apande huku kwetu juu, avuke mchanga wetu na vilima vyetu. Kwa hiyo siku hizo jasho la watu lilimwagika sana katika nchi hii, na majina yao hakuna aliyeyaandika. Nawataja mapema ili msomaji asidhani kwamba hadithi hii ni ya wenye mabawa peke yao.

Waingereza waliitafuta meli hiyo pwani nzima. Waligundua iliko kwa karatasi: katika meli nyingine ya Kijerumani iliyokuwa Lindi walikuta maandishi yaliyoonyesha kwamba makaa ya mawe yalipelekwa Salale. Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari yao Chatham ikaona ncha za milingoti juu ya miti. Lakini kujua kwamba yumo ni jambo moja, na kumpata ni jingine. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kupanda mto kwa sababu ya kina kidogo, na Looff aliisogeza meli yake ndani zaidi, akashusha milingoti na kuifunika kwa matawi. Ukiwa baharini, unaona ukuta wa mikoko tu.

Hapo ndipo anapoingia Dennis Cutler. Huyu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa rubani wa kiraia huko Durban, Afrika Kusini, ambako palikuwa na mashua yenye mabawa ya aina ya Curtiss iliyotumika kwa maonyesho. Jeshi la majini likamchukua yeye na chombo chake, likampa cheo, likamleta kwa meli hadi kisiwa cha Nyororo, baina ya Mafia na Kilwa. Kumbuka kwamba ndege ya kwanza yenye injini ilikuwa imeruka huko Marekani mwaka 1903, yaani miaka kumi na mmoja tu kabla ya hapo. Chombo cha Cutler kilikuwa cha mbao, kitambaa, waya na injini moja isiyoaminika. Hakikuwa na redio wala silaha.

Novemba hiyo akaruka mara ya kwanza, akapotea katika mawingu, petroli ikaishiwa, akatua karibu na kisiwa cha Okuza. Waliomtafuta walimkuta ametulia. Rejeta ikavuja, wakatuma Mombasa kutafuta nyingine, ikapatikana ya motokaa ya Ford, wakaifunga. Naona msomaji anatabasamu, lakini mafundi wetu wa gereji za Kibiti na Ikwiriri wangeielewa kazi hiyo mara moja, tena wangeisifu.

Akaruka tena, na safari hii akaiona Königsberg, kilomita karibu 19 kutoka baharini. Akarudi akasema. Wakubwa wakatia shaka. Walidhani maji ya huko hayawezi kuibeba meli kubwa kiasi hicho, na huyu kijana wa maonyesho pengine ameona kivuli. Ikabidi nahodha mmoja apande mwenyewe katika kile chombo pamoja na Cutler, aende akaone kwa macho yake. Alipoona, ikawa kweli. Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Wanyagatwa waliokata boriti na kuvua kamba katika vijito vile waliiona meli ile kila siku; walijua imefungwa wapi, na maji ya pale yana kina gani wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu. Elimu hiyo ilikuwapo tangu siku ya kwanza, vinywani mwa watu. Lakini kwa wakubwa wa manowari ilihesabiwa kuwa uvumi mpaka ithibitishwe na rubani, na neno la rubani nalo likahesabiwa kuwa uvumi mpaka lithibitishwe na nahodha.

Desemba 1914 injini ya Cutler ikazima juu ya delta. Akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata, akawa mateka. Wenzake walikuja na tagi yenye bunduki, wakaivuta ndege yake huku risasi zikiwamiminikia, wakaiokoa, rubani hawakuweza. Kwa wiki chache hizo, yeye peke yake alikuwa ndiyo nguvu nzima ya anga ya Waingereza katika pwani hii.

Waliomfuata walikuwa wanajeshi hasa, wakiongozwa na John Tulloch Cull. Walifika Nyororo Februari 1915 na ndege mbili za Sopwith za kuelea majini. Ndege hizo zilishindwa na hali ya hewa ya kwetu. Gundi iliachia, mbao zikapinda, panga zikapasuka. Zaidi ya hayo, hewa yenye joto ni nyepesi, bawa halipati cha kukanyagia. Basi ndege ambayo ingeruka vizuri Uingereza, hapa ilikimbia juu ya maji bila kuinuka, na ikiinuka haikuweza kubeba bomu la maana. Zikaletwa nyingine za aina ya Short. Mwezi Aprili Cull alipita juu ya Königsberg na kuipiga picha. Wajerumani wakampiga risasi kwa bunduki za kawaida, injini ikaumia, naye akajikokota hadi baharini.

Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kuiteka Mafia, Januari 1915. Huko wakafyeka kiwanja, zikaletwa ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron. Leo mtu wa Kibiti akitaka kwenda Mafia hushuka Nyamisati akapanda boti. Njia hiyo ya bahari, ukiwa katikati na mawimbi yanakurusha, ndiyo waliyokuwa wakiivuka kwa ndege wazi, bila kiti cha kuwatoa wala mwavuli wa kuwashusha, wakijua kwamba injini ikizima chini yao ni maji, na baada ya maji ni mamba na mikoko.

Kutoka Malta zikaja meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, ambazo awali zilijengwa kwa ajili ya Brazil. Zilikuwa pana na hazikuhitaji kina kirefu, kwa hiyo ziliweza kuingia mtoni na mizinga yao mikubwa. Lakini zilikuwa vipofu. Kutoka zilipotia nanga hazikuweza kuiona Königsberg. Zilipiga juu ya msitu, na ni mtu wa angani tu aliyeweza kuziambia risasi imeangukia wapi. Wajerumani nao walikuwa na wapelelezi wao juu ya miti, wenye simu za waya. Kwa hiyo vita hivi vilikuwa vya mizinga isiyoona, kila upande ukiongozwa na macho ya watu wachache waliokaa juu.

Tarehe 6 Julai 1915 walijaribu mara ya kwanza. Risasi zaidi ya 600 zilipigwa tangu asubuhi hadi alasiri. Ndege zilipokezana, maana hakuna iliyoweza kukaa juu kutwa nzima, na mbili zilipopiga kwa pamoja mtazamaji hakujua ipi ni ya nani. Königsberg ikajibu vizuri kuliko walivyotazamia, ikaipiga Mersey na kuua. Wakarudi baharini kazi haijaisha.

Tarehe 11 Julai walikuja na akili nyingine: meli moja ipige kwa wakati mmoja. Juu alikuwa Cull akiendesha, na Arnold akigonga ishara za redio. Risasi za kwanza zilikosea. Arnold akarekebisha, mbele kidogo, kushoto kidogo, mpaka zikaanza kupata. Ndipo ndege ikapigwa. Cull akaanza kushuka bila injini, na Arnold akatuma habari kwamba wamepigwa na wanahitaji boti. Halafu, na hili ndilo ninalolistaajabia kuliko nishani zote, wakiwa wanashuka aliendelea kugonga: risasi zinapata, zote zinapata upande wa mbele. Ndege ikagonga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold alitoka haraka. Cull alikuwa amefungwa mkanda, akazama na ndege, akahangaika chini ya maji hadi akajifungua. Boti ya Mersey ikawaokota wote wawili.

Severn iliendelea kupiga kwa vipimo vile vile alivyoviacha Arnold. Saa nane mchana Königsberg ilikuwa inawaka moto. Watu wake 19 walikufa. Looff, naye amejeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe, ikakaa juu ya tope.

Cull na Arnold walipewa nishani ya DSO. Cutler, aliyeiona meli kabla yao kwa chombo kibovu zaidi, wakati huo alikuwa kifungoni, na katika masimulizi mengi hupewa mistari miwili mitatu tu. Mimi nikiulizwa, ningempa yeye nafasi ya kwanza. Cull alikuwa na mafundi, vipuri, redio na mwenzake wa kumtazamia; Cutler alikuwa na rejeta ya Ford.

Wajerumani hawakuacha mizinga. Waliing'oa yote kumi, ikavutwa tena na watu hadi Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, ikapigana nchi kavu nchi nzima. Mmoja ulifika Ziwa Tanganyika ukafungwa juu ya Götzen, meli ambayo sisi twaijua kwa jina la Liemba. Leo kuna mzinga wa Königsberg Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Cull naye, ndani ya mwaka huo huo, alihamishiwa Maktau, kwenye nyika ya Taita, kuwatafuta Wajerumani wa nchi kavu chini ya miiba.

Mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vya Königsberg ilinunuliwa kwa pauni 200 na John Ingles, ambaye alikuwa nahodha wa Pegasus siku ile ya Unguja. Baada yake wengine walikata vyuma kwa miaka mingi. Meli ikalala ubavu, na mwaka 1966 ikadidimia kwenye tope la mto. Wakata boriti wa Salale bado hupita juu yake wakati wa maji kujaa.