Kleist Sykes: askari wa Mjerumani aliyeitangulia TANU

Kila ifikapo Saba Saba tunakumbushwa Julai 7, 1954, siku wajumbe 17 walipokutana Mtaa wa New, Dar es Salaam, na chama cha TAA kikawa TANU. Nyerere hutajwa, na ni haki yake. Mara chache mtu huuliza nyumba ile waliyokutania ilitokana na jasho la nani. Jibu linarudi nyuma robo karne, kwa mtu ambaye siku hiyo alikuwa kaburini tangu 1949: Kleist Sykes.

Habari zake zimetufikia kwa sababu aliziandika mwenyewe. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika makala iliyoingia katika kitabu cha John Iliffe, Modern Tanzanians, mwaka 1973. Baadaye Mohamed Said akazipanua katika kitabu chake cha maisha ya mwana wa Kleist, Abdulwahid Sykes, kilichochapwa London mwaka 1998. Haya tunayosimulia yanawategemea sana hao wawili.

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa askari walioletwa na Mjerumani Hermann von Wissmann kupambana na Abushiri aliyewapinga Wajerumani. Baba alifariki mapema, na mtoto akalelewa na Affande Plantan, mkubwa wa Wazulu wale. Akasoma, akakijua Kijerumani, akaingia jeshini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, akapigana upande wa Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck. Upande wake ukashindwa. Waingereza walipoichukua nchi, askari huyo wa adui yao akaajiriwa ukarani katika reli.

Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kituo ni cha mwaka 1924. Tume ya Phelps-Stokes ilikuja Tanganyika kuchunguza elimu ya Waafrika, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dk. Kwegyir Aggrey, msomi wa Gold Coast. Kleist alikutana naye. Kwa maelezo yake mwenyewe, Aggrey ndiye aliyemtia moyo kwamba Waafrika wa hapa nao waunde umoja wao. Tanga, Martin Kayamba alikuwa ameshaanzisha chama cha watumishi wa serikali mwaka 1922. Kleist alitaka kitu kipana zaidi: chama cha Mwafrika yeyote, bila kuulizwa kabila wala dini yake.

Miaka mitano ikapita. Mwaka 1929 African Association, iliyokuja kuwa TAA, ikaundwa, rais akiwa Cecil Matola, mwalimu Mkristo, na katibu Kleist, Muislamu. Kisha wakafanya jambo ambalo vyama vingi vya leo, pamoja na ruzuku zao, havijui ladha yake: wanachama wakajitolea kujijengea ofisi, nyumba ile ile ya Mtaa wa New. Watu hao walikuwa makarani, walimu na wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo na Gerezani. Mwaka 1933 Kleist akawa tena katibu, safari hii wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chini ya Mzee bin Sudi. Chama hicho kikajenga shule ya watoto wa Kiislamu.

Baadaye Kleist aliacha kazi ya reli, akashika biashara na kufanikiwa. Mohamed Said anamtaja kuwa Mwafrika wa kwanza katika chemba ya wafanyabiashara ya Dar es Salaam.

Wanawe Abdulwahid na Ally walivaa sare za KAR, jeshi la Waingereza, wakapigana Burma katika Vita ya Pili ya Dunia, safari hii upande wa walioshinda. Wote wawili walikuwamo kati ya wale wajumbe 17 wa Saba Saba.

Hapo ndipo palipozuka ugomvi ambao haujapoa. Mwaka 1981 Chuo cha Kivukoni kilitoa historia ya TANU. Mohamed Said alilalamika kwamba imewapunja wazee wa Dar es Salaam, kana kwamba harakati zilianza siku Nyerere alipoingia mjini. Wapo wanaomjibu kwamba naye ameegemea mno upande wa Waislamu. Hoja hiyo isikilizwe, lakini haiwezi kufuta ukweli kwamba Nyerere alipochaguliwa rais wa TAA mwaka 1953, alikikuta chama chenye jina, wanachama na ofisi.

Mtaa wa New sasa unaitwa Lumumba, na CCM, mrithi wa TANU, bado ina ofisi yake hapo. Mtaa wa Kipata, Gerezani, umepewa jina la Kleist. Aggrey naye ana mtaa wake Kariakoo, na vijana wanaoufuata kununua simu wanalitamka jina lake kutwa nzima bila kuambiwa alikuwa nani. Walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili walioko Dar es Salaam wawatoe wanafunzi darasani, wawapitishe Aggrey, Kleist Sykes na Lumumba kwa miguu. Ni mwendo wa asubuhi moja tu.