Msitu wa Mau Juu ya Meza

Burundi ni nchi ya vilima, na hata utawala wake umepangwa kwa vilima: anwani ya mtu wa Nyarusange, mkoani Gitega, ni kilima chake. Katika nchi ya namna hiyo ramani ya karatasi haimfikishi mgeni mbali. Mwenyeji anapomwelekeza shamba lilipo, mdomo hutaja na mkono huonyesha, na kimoja kikikosekana mgeni hupotea.

Kompyuta zilichelewa kujua hilo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo chenyewe. Mwaka 1968 akaja na kifaa cha kuvaa kichwani, kizito hata ikabidi kishikiliwe na nguzo ya darini, kilichomwonyesha mvaaji maumbo yenye kina yakielea mbele yake. Mkono na jicho vikawa vimepata kazi. Sauti ilisubiri hadi 1980, pale Richard Bolt, katika MIT hiyo hiyo, alipomkalisha mtu kitini mbele ya kioo kikubwa cha ukutani, na kitambuzi mkononi. Mtu alinyoosha mkono kuelekea umbo, akaamuru liwekwe pale, nalo likahama.

Historia hii ya kuunganisha mkono na sauti husimuliwa kana kwamba ni ya maabara peke yake. Ukurasa wake mzuri kuliko yote ulifunguliwa Nessuit, kwenye Msitu wa Mau nchini Kenya, Agosti 2006, na vifaa vilikuwa kadibodi, gundi, rangi, pini na nyuzi.

Waogiek ni watu wa msitu, wawindaji na warina asali. Kwao mwinuko wa ardhi ni kalenda: maua ya juu na ya bondeni hayachanui pamoja, nyuki hufuata maua, na mrinaji hufuata nyuki. Ndiyo maana ardhi ya ukoo ilipanda kutoka chini kwenda juu, ikapita katika kila aina ya msitu. Elimu hiyo ilikaa vichwani mwa wazee, huku msitu wenyewe ukikatwa na kugawiwa.

Shirika la ERMIS Africa likafanya nao kazi, pamoja na Giacomo Rambaldi wa kituo cha kilimo cha CTA, aliyekuwa ametumia mbinu ya kujenga ramani zenye kina pamoja na wenyeji huko Ufilipino katika miaka ya 1990. Mistari ya kontua ilinakiliwa kwenye kadibodi, ikakatwa tabaka kwa tabaka, ikabandikwa mpaka milima ikasimama na mabonde yakazama. Kipimo kilikuwa 1:10,000: sentimita moja mezani, mita 100 msituni. Kilomita za mraba 576 za Mau Mashariki zikaenea katika takriban mita za mraba sita.

Hapo ndipo wazee, wake kwa waume, kutoka koo 21 walipoinama juu ya nchi yao. Uzi ulikuwa mto au mpaka, pini ilikuwa mahali penye jina, rangi ilikuwa aina ya msitu. Uzi una uzuri mmoja ambao wino hauna: unang'oka. Mzee akipinga mahali mpaka unapopita, pini huchomolewa, watu husemezana, uzi hulazwa upya. Wakaujenga msitu kama walivyoukumbuka wa miaka ya 1920. Baadaye kielelezo kilipigwa picha na mistari yake ikaingizwa kwenye kompyuta. Mashine ikapokea umbo ambalo mikono na ndimi zilikuwa zimekwisha kukubaliana.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2011 ilichapishwa atlasi ya ardhi ya jadi ya Waogiek wa Mau Mashariki. Tarehe 26 Mei 2017, jijini Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya ardhi, na Juni 2022 ikaagiza wapewe hatimiliki ya pamoja na fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya. Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zikifukuzwa tena Mau.