Kufyonza si kumeng'enya

Magazetini maneno haya mawili hubadilishana nafasi kila siku, na anayepotezwa ni mgonjwa. Kumeng'enya ni kuvunja chakula: wanga kuwa sukari, protini kuwa amino asidi. Kufyonza huja baadaye, ukuta wa utumbo mwembamba unapopitisha virutubisho kwenda kwenye damu au limfu. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo mno, navyo ndivyo vinavyoupa eneo kubwa la kazi.

Tofauti hii inagusa tiba yenyewe. Mtu mzima asiye na kimeng'enya cha laktezi cha kutosha huweza kuharisha akinywa maziwa kwa sababu sukari ya maziwa hayo haikumeng'enywa. Lakini mwenye ugonjwa wa seliaki, ambaye ngano humharibia vinyweleo hivyo, anaweza kula akashiba na bado akakonda. Giadia, kijidudu cha maji machafu, nacho huweza kuzuia ufyonzaji kwa watoto. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Aliyekatwa sehemu hiyo huenda akahitaji sindano za vitamini hiyo.

Wapo wanaopendelea neno kusharabu badala ya kufyonza, nalo ni sahihi kabisa. Waandishi wa afya, chagueni mojawapo, ila kazi hiyo msiiite mmeng'enyo.